Vifaa visivyojulikana kwenye Wi-Fi ya ofisi

Unasema umebadilisha nenosiri mara mbili na bado vifaa usivyovijua vinaingia. Kwanza tazama anwani zake za MAC (namba inayotambulisha kila kifaa kwenye mtandao). Ikiwa alama ya pili ni 2, 6, A au E (mfano 3A:…), hiyo si anwani ya kiwandani. Simu za Android 10 na iOS 14 kuendelea hujibunia anwani hizo, kwa hiyo huenda ni simu zilezile za wafanyakazi. Na kwa kuwa anwani hizo hubadilika, kuzuia kwa MAC nako ni kujichosha bure.

Tatizo lenyewe ni nenosiri moja kwa watu wote: mtu akiacha kazi, anaondoka nalo. Hamia WPA2 au WPA3 Enterprise (ulinzi wa Wi-Fi wa kiofisi) yenye seva ya RADIUS (inayohakiki kila anayeingia), kila mtu na akaunti yake. Akiondoka unafunga yake tu. Hapa wengi huteleza: kila kifaa lazima kikague cheti cha seva (uthibitisho wa kidijitali kuwa seva ni yenu), la sivyo mtu ataweka kituo bandia cha Wi-Fi chenye jina la mtandao wenu avune manenosiri. Wageni wape VLAN yao (sehemu ya mtandao iliyotengwa), isiyofikia seva wala printa.

Kumbukumbu za RADIUS (rekodi za walioingia na waliokataliwa) zihifadhi kwenye mashine nyingine, na uweke arifa ya kukuonya kuhusu akaunti inayokataliwa mfululizo.