Kwa mlioanza kazi AZAKI (asasi za kiraia) juzi: bango liacheni garini

Wiki iliyopita nimemkuta afisa mradi wetu mpya anahesabu fulana 60 na mabango matatu, yote yana nembo ya mfadhili. Nikamuuliza, kijijini umeshafika? "Bado dada, tunaanza na uzinduzi." Nikavuta kiti nikakaa. Wadogo zangu, someni.

1. Risiti daini siku hiyohiyo. Mkaguzi hajali kwamba wali wa mama ntilie ulikuwa mtamu.

2. Kanuni za NGO za Tanzania za 2018 zilipotaka mikataba ya ufadhili inayozidi shilingi milioni 20 ifikishwe Hazina na kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10, wengi tulicheka. Msicheke.

3. Maswali ya wananchi yawe ya wananchi. Hapa mnivumilie.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa mradi wa PETS, yaani wananchi kufuatilia matumizi ya fedha za umma. Kijiji kile walikuwa wamefyatua matofali ya darasa kwa mikono yao, wakayapanga nyuma ya shule, kisha yakaanza kupungua usiku. Kila niliyesalimiana naye aliniambia habari za matofali. Lakini kiashiria changu, kile kipimo cha mafanikio ninachoripoti kwa mfadhili, kilisema "idadi ya wananchi wanaohoji bajeti", basi nikatunga maswali kumi, nikayachapa, nikaigawia kamati ya PETS ya kijiji asubuhi ya mkutano mkuu wa kijiji. Nyuma ya meza kuu nikafunga bango. Nikasogea pembeni na kamera.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mtulivu, akasimama, akavaa miwani, akasoma: "Ni mikakati gani jumuishi ya uwajibikaji jamii..." Mtendaji alimwacha amalize. Kisha, kwa sauti ya upole kabisa: "Mzee wangu, mikakati jumuishi ndiyo nini?"

Mzee akageuka kunitazama. Mkutano mzima ukageuka.

Mtendaji akanyooshea kidole lile bango. "Haya maswali ni ya kijiji hiki, au ya hao wenye nembo?" Watu wakaangua kicheko. Mzee akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaketi. Matofali hayakutajwa siku ile.

Na sheria ya serikali za mitaa ya 1982 ilikuwa inawatosha: mkutano ule ni wao kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa palepale. Hakuhitajika mfadhili wala mimi. Ripoti yangu iliandika wahudhuriaji 140, picha sita. Tukapongezwa, tena kwa barua.

Nilirudi kwa yule mzee na kilo mbili za sukari kumwomba radhi. Sukari aliipokea. "Mwanangu," akasema, "ungeniacha tu niulize matofali."

4. Posho: mkishaanza kuwalipa watu waje kwenye kikao chao wenyewe, hamtaweza kuacha.

5. Msiishi kwa mfadhili mmoja. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake kwa siku 90, na kufikia Julai USAID yenyewe ilikuwa imefungwa. Nina marafiki waliopata barua ya kusimamisha kazi wakiwa ukumbini, chai ya saa nne imeshamiminwa.

Yule kijana mabango ameyarudisha stoo. Jumatatu anakwenda kijijini na daftari tu. Jana kaniuliza kama jalada la daftari linaruhusiwa kubandikwa nembo ndogo.