Njia za miguu za Muheza na Amani: maswali ya wasomaji

*Barua za safari hii karibu zote ni za watu wanaotaka kushuka stendi ya Muheza na kupanda milima ya Usambara Mashariki hadi Amani, hifadhi ya msitu ambayo geti lake liko Sigi. Tumechagua nne.*

Habari za kazi, wahariri. Tuko watano, tunaishi Tanga mjini. Tunataka kwenda Amani Jumamosi na kurudi siku hiyo hiyo. Tumeambiwa kutoka geti la Sigi mpaka Amani ni kama kilomita saba tu. Saa mbili si zinatosha?
*Msomaji, Tanga*

Nzuri, ahsante. Hazitoshi, na hiyo "tu" ndiyo inayowalaza watu porini. Mlimani usihesabu kilomita peke yake. Sigi iko kama mita 450 juu ya usawa wa bahari, Amani kama mita 900. Anza na mwendo wa kilomita nne kwa saa, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 mnazopanda. Kilomita saba zinachukua saa moja na dakika 45, na mita 450 za kupanda zinaongeza dakika 45. Hapo mmefika saa mbili na nusu, bila kupumzika, bila picha, na bila yule mmoja ambaye kila kundi linaye. Watano hutembea kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa. Wekeni saa tatu na nusu kupanda, mbili kushuka.

Sasa usafiri. Kutoka Muheza hadi Sigi ni kama kilomita 25 za barabara ya udongo. Basi la Amani kwa kawaida hupanda mchana na kuteremka alfajiri, maana limewekwa kwa ajili ya mwenyeji anayeshuka sokoni, siyo mgeni anayepanda kutembea. Ulizeni stendi siku moja kabla. Mkitaka kurudi siku hiyo hiyo itabidi mkodi gari au bodaboda, na nauli ya kurudi mpatane kabla hamjaondoka Muheza. Ukiwa Sigi jioni, umechoka na pikipiki ni moja, bei haijadiliwi tena.

Jua huku huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, kutegemea mwezi. Chini ya miti mikubwa giza huanza nusu saa kabla. Chagueni saa ya kugeuka tangu asubuhi, kwa mfano saa saba kamili, na mgeuke saa hiyo hata kama Amani imebaki kona mbili.

Kwa maoni yetu, laleni Amani usiku mmoja. Mtapanda bila kukimbizana, asubuhi mtapanda kilima cha Mbomole kabla ya ukungu kuinuka, na mtapata muda wa kuona bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kama kulala haiwezekani, baki Sigi na utembee njia fupi za pale. Kuna nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, kumbukumbu ya reli iliyokuwa ikiteremsha magogo hadi Tengeni.

Amani ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, hivyo kuna kiingilio na mwongozaji hupangwa getini. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo kupitia simu au benki. Wekeni salio kwenye simu mkiwa bado Muheza.

Nilianguka mara nne nikishuka kutoka Amani, na mvua yenyewe ilikuwa manyunyu tu. Kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi. Nilivaa raba mpya. Nilikosea wapi?
*Msomaji, Korogwe*

Pole sana. Manyunyu ni mabaya kuliko mvua kubwa. Udongo mwekundu wa kule ni mfinyanzi. Mvua ikinyesha sana hulainika hadi ndani, kisigino kinazama na kushika. Manyunyu hulowesha ngozi ya juu tu, chini pamebaki pagumu kama sakafu, na hapo unakuwa umekanyaga sabuni iliyowekwa juu ya saruji. Majani yaliyooza yakiongezeka juu yake, hata mwenyeji huteleza.

Upya wa raba hauna maana, tazama soli. Meno yawe na kina cha milimita nne au tano na yaachane vya kutosha ili tope lidondoke. Raba za kukimbilia lami zina meno mafupi yaliyobanana. Baada ya hatua kumi zimejaa tope na soli imekuwa bapa. Buti za mvua zinashika vizuri zaidi, ila kwa safari ndefu huchubua kisigino usipovaa soksi nene.

Kucha nyeusi zimetokana na mguu kuteleza mbele ndani ya kiatu na kugonga ncha, hatua baada ya hatua. Kwanza kata kucha siku mbili kabla. Pili, acha nafasi ya upana wa kidole mbele ya kidole gumba. Tatu, kabla ya kuanza kushuka, funga kamba upya hivi: ukifika tundu la pili kutoka juu, usivuke upande wa pili. Ingiza kamba kwenye tundu la mwisho la upande ule ule, ukiacha kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Kisha pitisha kila kamba ndani ya kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini mpaka uhisi kisigino kimebanwa nyuma, halafu funga. Kamba za vidoleni ziache zimelegea kidogo. Ukizikaza zote sawasawa, utabana mguu mzima na kisigino kitaendelea kucheza.

Nunua na mpini wa jembe sokoni Muheza. Ni fimbo imara kuliko nyingi za dukani. Unaposhuka, utangulize chini kabla ya mguu, magoti yakunje kidogo, na hatua ziwe fupi.

Je, maji ya vijito vya msituni yananyweka? Yanaonekana safi kabisa.
*Msomaji, Mombasa*

Usiyanywe bila kuyachemsha. Juu ya kijito kinachong'aa kuna vijiji, mashamba ya iliki na chai, na watu waliwahi kuvamia msitu huo kuchimba dhahabu. Mto Zigi unaotoka huko ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na maji yake husafishwa kwanza kabla ya kufika kwenye mabomba ya Tanga. Chemsha mpaka yatokote, au tumia dawa ya kutibu maji kwa kipimo cha pakiti. Yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa kwanza. Dawa hupungua nguvu kwenye maji machafu.

Beba lita mbili kwa nusu siku, tatu kwa siku nzima. Mtu akitoka jasho mpaka kichwa kinauma, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu, anywe polepole.

Machungwa ya Muheza nayo ni akiba nzuri, ila yabebe na maganda. Yaliyomenywa huchacha ndani ya mfuko kwa joto. Wala usiyakatae kwa kuwa ni ya kijani. Ganda la chungwa hugeuka rangi kwa baridi ya usiku, na usiku wa tambarare za Tanga hauna baridi hiyo. Pima kwa uzito mkononi: lililo zito kwa ukubwa wake lina maji.

Naogopa nyoka. Nifanyeje?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Usikanyage wala kushika usipopaona, na usiketi juu ya gogo kabla ya kuzunguka upande wa pili. Akikuuma, tulia, usikate wala kufunga kamba, ubebwe hospitali. Lakini kinachowasumbua watembeaji wengi zaidi ni siafu na upupu. Siafu wakivuka njia, ruka msafara au kimbia hatua kadhaa. Ukisimama kutazama wameshapanda hadi magotini. Suruali iingie ndani ya soksi.

Upupu hauko ndani ya msitu mnene. Uko kingo za mashamba na vichaka vya njiani, maganda ya kahawia yenye manyoya kama mahameli, na wakati wa kiangazi upepo huyapeperusha. Ukikupata usisugue wala kujikuna, unazidi kuyachomeka. Bandika plasta au utepe wa gundi juu ya ngozi na ubandue, rudia mara kadhaa, ndipo uoge kwa sabuni. Nguo ulizovaa zifuliwe peke yake.