Kilomita chache? Chungulia uvunguni kwanza

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza kama pikapu ndogo ya zamani iliyotembea kidogo ni ya kutunza au bado ni ya kazi.

Mimi ninayo Datsun 620 ya miaka ya 70, niliachiwa na mjomba. Mwaka juzi alinifuata hapa Mikindani mgeni kutoka Dar anayezisaka gari za aina hiyo. Akafungua mlango, akainamia dashibodi, akasoma kilomita 41,300. Uso ukamchanua. Nikamwambia, bwana, mita hiyo ina tarakimu tano tu. Ikishafika 99,999 inaanza upya. Mjomba alibeba nayo korosho za Newala tangu sijaanza shule. Hii ni raundi ya ngapi, Mungu ndiye ajuaye.

Ndiyo maana nasema pwani hii usinunue namba. Gari lililoegeshwa miaka 20 chini ya mnazi litakuwa na kilomita chache kweli, lakini upepo wa chumvi haukuegeshwa. Lala chini, gonga chasisi kwa bisibisi, hasa pale springi zinaposhikia. Ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, aga kwa adabu uondoke. Mjomba yeye kila mwaka aliipaka uvunguni oili chafu kuzuia kutu. Majirani walimcheka.

Wanaozitamani nawaelewa. Vioo unazungusha kwa mkono, na kabureta ikiziba naifungua mwenyewe, napuliza jeti (kile kitundu cha kupitishia petroli) kwa mdomo, safari inaendelea. Gari la sasa likiwasha taa ya injini, fundi anatafuta kompyuta kwanza. Huko Marekani pikapu mpya zimenenepa, na mwaka 1964 za kutoka nje ziliwekewa ushuru wa asilimia 25, chanzo chake ugomvi na Ulaya juu ya kuku (naam, kuku!). Ndogo iliyobaki nzima lazima igombewe.

Basi yule mgeni akaingia uvunguni na bisibisi yangu. Akagonga mbele, akagonga nyuma, haikuzama. Akatoka na oili kwenye shati, akataja bei, na bei yenyewe haikuwa mbaya. Nikamwambia arudi msimu wa korosho ukiisha. Misimu miwili imepita, bado anapiga simu. Jana kapiga tena, Datsun iko njiani inatoka Newala na magunia saba.

Msomaji, Mikindani, Mtwara