Hesabu Miiba Kwanza, Rangi Baadaye

Watu wakijua ninachora viumbe vya baharini, ombi lao la kwanza ni niwafundishe kupaka rangi. Mimi huwaambia wakanunue tasi.

Mnunue alfajiri, wavuvi wanaposhusha, na uchague ambaye mapezi yake hayajachanika. Mlaze juu ya kipande cha godoro, kichwa kikielekea kushoto kwako (ndivyo samaki wanavyochorwa katika vitabu vya sayansi), yafungue mapezi na uyashikize kwa pini. Sasa hesabu. Pezi la mgongoni lina miiba 13 na vijiti laini 10. Pezi la chini, nyuma ya tumbo, lina miiba 7 na vijiti 9. Kituko chenyewe kiko kwenye mapezi mawili ya tumboni: kila moja lina mwiba upande huu, mwiba upande ule, na vijiti 3 katikati. Mpangilio huo ni wa jamii ya tasi. Ila mshike kwa kitambaa, maana miiba ile ina sumu na kufa kwake hakuiondoi.

Ukimchora na miiba 11, hata umpambe vipi, umechora samaki asiyekuwepo baharini.

Nasema hivi kwa sababu wengi tunaingia katika kazi hii kwa kuvutwa na michoro ya Ernst Haeckel, yule Mjerumani aliyechapisha kurasa 100 za picha kati ya 1899 na 1904. Yavuyavu wake, wale viumbe laini kama jeli, wenye minyiririko kama pazia la harusi, wananishangaza hadi leo. Mmoja alimpa jina la kumkumbuka mkewe, Anna Sethe, aliyefariki 1864. Lakini mtazame kwa makini: kila kitu kimelingana mno, kushoto sawasawa na kulia. Wapo waliomlaumu kwamba aliyanyoosha maumbile. Mwige wino wake, unyooshaji mwachie mwenyewe.

Mchoro ninaoupenda zaidi ni mbaya, kusema kweli. Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, aliletewa samaki asiyemjua. Akamwandikia J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki, barua yenye mchoro wa harakaharaka. Hakuna kivuli wala urembo. Ila mapezi yenye vikonyo vinene kama miguu yamo, na ule mkia wenye kipande cha ziada katikati umo. Smith alipouona akaanza kushuku kwamba huyu ni silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria. Matumbo na mashavu ya samaki yule yalikuwa yameshatupwa. Mchoro ukawa ndio uliobeba habari. Silikanti huyohuyo ndiye ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa kwenye majarife yao ya kina kirefu, na 2009 akatengewa hifadhi huko.

Rangi nayo ina wakati wake. Pono akitolewa majini hachelewi kufifia: kijani na buluu zinageuka kijivu huku unatafuta brashi. Kwa hiyo andika majina ya rangi pembeni ya mchoro ukiwa bado ufukweni, kwa maneno yako mwenyewe, na upige picha ya simu kama akiba. Picha peke yake haitoshi, kwa sababu magamba yanang'aa na mwanga unayala maelezo.

Pweza ni mtihani mwingine kabisa. Hana mwiba wa kuhesabu na rangi anabadilisha atakavyo, kwa hiyo shika vinyonyeo: vina safu mbili katika kila mkono. Andika pia kama ulimchora hai au amekufa.

Mwisho chora kimstari cha kipimo, sentimita ngapi. Vivuli nafanya kwa nukta za wino badala ya kusugua penseli, maana nukta hazipotei mchoro ukitolewa kopi. Nukta zinachosha shingo, tena sana. Inua meza.