Matiboksi, metiboksi au "sanduku lisilong'aa"?

SWALI: Mwalimu, salaam. Napiga video za harusi na kwanjula (sherehe ya Waganda ya kutambulisha wachumba) hapa Kampala. Nimenunua kile kidude chepesi kinachofungwa mbele ya lenzi ya kamera ndogo kuzuia jua. Wenzangu wanakiita matiboksi (kwa Kiingereza "matte box"). Juzi bibi harusi mmoja, mzaliwa wa Mombasa, aliomba orodha ya vifaa kwa Kiswahili. Nikaandika "sanduku lisilong'aa la kamera isiyo na kioo". Alicheka kwenye simu mpaka nikaona haya. Ningeandika nini? (Msomaji, Ntinda)

JIBU: Alikuwa na haki ya kucheka, ila usijilaumu sana. Kamusi ndiyo iliyokuponza. Ulitafuta "mati" ukakutana na mati ya mafundi rangi, yaani rangi iliyofifia isiyong'aa. Mati ya watu wa sinema ni kitu kingine: kipande cheusi kilichokatwa umbo fulani, kikawekwa mbele ya lenzi ili sehemu ya picha isipate mwanga. Ndivyo walivyopata picha ya mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Wakiziba nusu ya picha, waliweza kurudisha filamu nyuma na kupiga jambo jingine kwenye nusu iliyobaki. Mwaka 1903 mwongozaji filamu Mmarekani Edwin S. Porter alitumia mbinu ya aina hiyo, treni ikaonekana inapita nje ya dirisha la ofisi ya stesheni.

Boksi lilikuwa la kushikia vipande hivyo. Siku hizi kazi ya mati inafanywa kwenye kompyuta, na boksi limebaki kukinga mwanga wa pembeni na kushika vichujio, yaani vile vioo (filta) vinavyowekwa mbele ya lenzi kubadili mwanga. Ndani yake kweli ni jeusi lisilong'aa, mwanga usije ukarudi kwenye lenzi, kwa hiyo tafsiri yako haikuwa uongo. Ila haikuwa jina.

Na hilo "sanduku" ningeliepuka kabisa kwenye karatasi ya harusi. Unajua mwenyewe essanduuko ya Kiganda hubeba nini siku ya maziko.

Sasa tahajia, na hapa ndipo penye utamu. Wenzako wanasema "mati" kwa sababu sikio la Kiganda husikia "a" katika maneno ya Kiingereza kama haya: bbanka, takisi. Kiswahili kimezoea kusikia "e": benki, teksi, begi, jemu. Kwa mkondo huo tunapata metiboksi. Si suala la sikio peke yake. Kiswahili kikiona neno geni linaanza na "ma-", hudhani ni wingi na kuanza kutafuta umoja wake. Madigadi ya baiskeli yalikuja na "ma" yake kutoka Kiingereza, tukaikata tukapata digadi moja. Hata kiplefti, ile duara ya barabarani, tumeipa wingi wa viplefti, utadhani ilizaliwa na "ki-" yake. Ukiandika matiboksi, subiri miaka michache utasikia kijana wa Wandegeya akiomba aazimwe "tiboksi". Siwezi kusema ni dhambi, lugha hukua hivyohivyo, lakini kwa orodha ya mteja andika metiboksi. Iweke katika ngeli moja na kamera na lenzi: metiboksi hii, metiboksi hizi. "Mametiboksi" inachosha ulimi bure.

Ukitaka neno lenye mzizi wa Kiswahili, tunalo umbo la kipimajoto na kipazasauti, nalo linatupa kikingamwanga. Mimi nalipenda. Kasoro yake ni kwamba linafaa pia kwa ile kofia ya plastiki inayouzwa pamoja na lenzi, ambayo haina mahali pa kupachika kichujio. Kwa hiyo litumie kumweleza mteja, si kumwagizia muuzaji.

Vile vibati vya juu na vya pembeni vinavyofunguka, Waingereza huviita bendera. Usiwafuate. Cha juu kinafanya kazi ya upenu wa nyumba, na hapa kwetu karibu na ikweta, saa saba mchana jua likiwa utosini, upenu ndiyo picha inayokuja akilini. Vya pembeni ni mabawa. Kichujio hupachikwa, lakini lenzi huvishwa metiboksi. Na kiwe kichujio, maana chujio ni la chai.

Kuhusu kamera "isiyo na kioo": kioo kwetu ni cha kujitazamia, cha dirishani, hata cha simu, kwa hiyo bibi harusi aliona kamera iliyovunjika lenzi. Kioo unachokikusudia ni kile cha ndani, ambacho katika kamera za DSLR huinuka unapopiga picha. Sema mirolesi (kwa Kiingereza "mirrorless"), wapiga picha watakuelewa. Na kwa kuwa metiboksi ileile huvaliwa na kamera za aina zote mbili, huna haja ya kuitaja kamera katika mstari huo. Andika hivi:

"Metiboksi 1 (kikingamwanga cha lenzi), yenye upenu, mabawa 2 na nafasi ya kichujio cha inchi 4 kwa 5.65."

Kama yako inachukua kipimo kingine, badilisha namba.