Kwa mleta mada anayeenda Diani, bichi ya Kenya kusini ya Mombasa, na familia: shuka Ukunda kwanza, ule mji wa njia panda ya kwenda bichi!!

Ndugu usifanye hivyo, narudia, usifanye hivyo. Umeandika "chumba kina jiko na hoteli ina duka humo ndani kwahiyo msosi tutanunua hukohuko" nikasikia tumbo linakata, maana hayo ndo maneno niliyomwambia wife tukiwa stendi Tanga.

Sisi tulienda mwaka juzi, mimi, wife na watoto wawili, mdogo bado anavaa pampasi. Dalali aliyetukatia chumba kwa simu alinihakikishia jikoni kuna kila kitu, duka lipo hatua kumi toka mlangoni, alafu akaongezea "bro Ukunda msishuke na mabegi mtaibiwa". Huyo jamaa sijui alikuwa analipwa na lile duka au roho mbaya tu. "Kila kitu" yenyewe ilikuwa mtungi wa gesi, sufuria mbili na mwiko, hata chumvi hamna. Ukimuuliza leo hapokei simu.

Sasa kinachouma ni hiki. Ukitokea Horohoro upande wetu ukavuka mpaka kuingia Lunga Lunga upande wa Kenya, Ukunda unaifikia KABLA ya bichi. Gari linakushusha palepale njia panda, nyanya zipo, mchele upo, mama wa samaki yupo, na mimi nikapita katikati yao nimekumbatia begi kama nimebeba dhahabu, nikadaka tuktuk mpaka getini.

Kule dukani hawakudai cash. Unasaini kikaratasi, unataja namba ya chumba, unaondoka. Na hapo ndo masikio yetu Watanzania yanatuponza, rate nilikuwa naijua vizuri, shilingi yao moja ni kama ishirini yetu, lakini ukiambiwa maji "mia mbili na hamsini" sikio linasikia pipi. Yani kichwa kinajua ila mkono unasaini. Maji makubwa mawili mawili asubuhi na jioni siku tatu, hiyo chupa kumi na mbili, 3,000 yao. Mayai kumi 500. Mchele kilo mbili 900, mafuta lita moja 900, pampasi 3,200 (hapo nilishtuka kidogo lakini mtoto hasubiri). Samaki mmoja kijana wa dukani akasema atamleta mwenyewe toka kwa wavuvi, "fresh kabisa kaka", 3,500. Maziwa, juisi na biskuti za watoto 4,600.

Siku ya tatu nikaitwa mapokezi. 16,600. Wife akaniuliza ngapi, nikasema elfu kumi na sita, akasema mbona rahisi, nikanyamaza. Piga ishirini mwenyewe. 332,000 ndugu yangu, hela ya mchele, mayai na samaki mmoja ambaye hata hakuwa mkubwa!! Nikataka kulipa kwa simu, M-Pesa yangu ya bongo ikagoma kwenye till yao (namba ya kulipia dukani), nikatoa cash niliyoiweka kwa ajili ya boti ya kwenda Kisite kuangalia pomboo. Pomboo nawaonaga kwenye tv, wapo vizuri tu.

Mama aliyekuwa anasafisha vyumba ndo akaniuliza kwa upole, "Baba, kwani nyinyi hamkupitia Ukunda?" Kesho yake akanipeleka, tuktuk ya kuchanga hamsini yao kila mtu, hakuna aliyetuibia hata kijiko, tumerudi na mboga, nazi, ndizi, unga, maji ya dumu, na chenji ikabaki. Beba mfuko wako wa kitambaa maana mifuko ya plastiki walipiga marufuku 2017, kabla yetu. Ukitaka supamaketi za kiyoyozi zipo hukohuko Diani, ila mboga na samaki utanunua Ukunda asubuhi, na utanunua KABLA hujaona geti la hoteli, maana ukishaingia, watoto washaona swimming pool, nani atatoka tena? Utasaini tu.

Ah na ndizi usiache barazani. Tumbili wa Diani hawana utani, walibeba kichane kizima nikiwa nasimama palepale na ufagio, mmoja akakaa juu ya paa anamenya ananiangalia. Hao angalau hawakunisainisha.

Najua uliuliza pia mambo ya hati ya kusafiria ya mtoto na ufukwe upi una maji tulivu, hayo wenye kujua watakujibu, mimi kichwa changu kiliishia pale njia panda. We mwambie dereva "Ukunda shusha", mabegi ashike shemeji, wewe ingia kwenye nyanya.