Kujichukia na kuuchukia ulimwengu: kilichonisaidia mimi

Ndugu yangu, umeandika kwamba unajichukia, na kwamba siku hizi hata kicheko cha watu usiowajua kinakukera, kisha ukauliza kama yupo aliyepitia hali hiyo akatoka. Niliipitia kwa miaka.

Kwangu chuki hizo mbili zilikuwa moja. Kwa kuwa nilikwisha kujihukumu kuwa sifai, kila aliyenitendea wema nilimwona ama mnafiki ama mjinga asiyenifahamu, nikamdharau naye. Mtu akichelewa kujibu ujumbe wangu, nilihitimisha kwamba amenichoka, na kabla ya jioni nilikuwa nimeamua kwamba binadamu wote hawana utu. Baadaye mshauri nasaha alinieleza kwamba Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alikwisha kuuchambua mwenendo huu katika miaka ya 1960: mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hujiona vibaya, huuona ulimwengu vibaya na huiona kesho yake vibaya. Sikupona siku ile, ila nilipumua, maana nilichokiita tabia yangu kumbe kilikuwa na jina, na tiba pia.

Wengi watakuambia ujipende. Mimi sikuweza, kujisifu mbele ya kioo kulinitia kinyaa zaidi. Nilichokiweza ni kujitendea haki. Sauti ya ndani iliposema "huna maana kwa yeyote", niliandika shtaka hilo daftarini neno kwa neno, na chini yake ushahidi wa kuliunga mkono na wa kulipinga. Mara nyingi palikuwa na chembe ya ukweli, mathalani kwamba nilimjibu dada yangu kwa ukali, lakini kutoka hapo hadi "huna maana kwa yeyote" hapakuwa na ushahidi wowote. Zoezi hili nililifanya mchana tu, kwani usiku, usingizi ukiwa umenipaa, hata ushahidi niliuandika kwa chuki.

Hasira yangu dhidi ya watu ilipungua yenyewe, bila mimi kupambana nayo, jambo ambalo bado linanishangaza.

Ikiwa hali yako imedumu zaidi ya wiki 2, karibu kila siku, muone mtaalamu. Na kama umeanza kuwaza kujidhuru, usingoje kesho: mwambie mtu unayemwamini akupeleke hospitali leo. Ukishindwa kulitamka, liandike umpe alisome. Mimi nilifanya hivyo kwa mshauri wangu, naye hakushtuka.